Saa Iliyokwenda Mwezini Bila Kibali: Kisa cha Bulova ya David Scott

Tarehe 22 Oktoba 2015, kwenye mnada wa RR Auction wa Boston, saa moja ya mkononi iliuzwa kwa dola 1,625,000, kamisheni ya mnada ikiwa ndani. Haikuwa ya dhahabu, wala haikuwa na almasi. Usoni ilikuwa na jina Bulova, na mkanda wake ulikuwa wa velkro, mrefu kupita kiasi kwa mkono wa mtu wa kawaida kwa kuwa ulikusudiwa kufungwa juu ya vazi la mwanaanga. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Florida ambaye hakutaka jina lake litangazwe. Muuzaji alikuwa David Scott, kamanda wa Apollo 15 na mtu wa saba kukanyaga mwezi.

Kwa sisi tunaofuatilia saa na vifaa vya enzi za mwanzo za safari za anga, mauzo yale ni kisa cha kusomwa polepole. Kila mtu anajua kwamba saa ya mwezini ni Omega Speedmaster. Imeandikwa mpaka kwenye mgongo wa saa zenyewe. Bulova ilifikaje huko? Na ilikuwaje saa ambayo NASA haikuichagua ikauzwa kwa bei ya namna ile, wakati Omega za wanaanga waliotembea mwezini hazionekani sokoni kabisa?

Nimelichambua jambo hili kwa muda, na hoja yangu ni hii: Bulova ya Scott ilipata bei yake kwa sababu ilisafiri nje ya daftari la serikali. Lililohesabika kuwa ukiukaji wa utaratibu mwaka 1971 ndilo lililomwezesha mwenyewe kuipeleka sokoni miaka 44 baadaye. Anayetaka kukusanya vitu vya aina hii bila kuelewa fundo hilo atalipa pesa nyingi kwa kitu kisicho na wenyewe, au chenye wenyewe wasio yeye.

Jinsi Omega ilivyopata nafasi yake

Wanaanga wa mwanzo walivaa saa walizozichagua wenyewe. Wally Schirra aliruka na Speedmaster yake binafsi mwezi Oktoba 1962 katika chombo cha Sigma 7. Miezi michache kabla yake, Scott Carpenter alikuwa ameruka na Breitling, na saa hiyo ikaharibiwa na maji ya bahari alipotua mbali na meli zilizokuwa zikimsubiri. John Glenn naye, Februari mwaka huohuo, alikuwa na saa ya kupimia muda ya Heuer.

Mradi wa Gemini ulipokaribia, NASA iliona kwamba mtu atakayetoka nje ya chombo anahitaji saa iliyojaribiwa, isiwe ya kubahatisha. Mwaka 1964 watengenezaji waliombwa walete kronografu, yaani saa ya mkononi yenye kipima muda ndani yake. Zilizoingia kwenye majaribio mwishowe zilikuwa tatu: Omega, Rolex na Longines-Wittnauer. Ziliteswa kwelikweli. Joto la nyuzi 71 za Selsiasi kwa saa 48, kisha 93 kwa nusu saa. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ombwe, unyevu, oksijeni tupu, kelele za desibeli 130, mitikisiko, na vishindo vya nguvu mara 40 ya uvutano wa dunia kutoka pande mbalimbali. Rolex ilisimama. Longines-Wittnauer iliharibika kioo: kilijikunja kwa joto na kuachana na kasha. Omega iliyumbayumba lakini ikaendelea, na tarehe 1 Machi 1965 ikapata idhini ya kutumika katika safari zote zenye watu. Juni mwaka huohuo Ed White alitoka nje ya Gemini 4 akiwa nayo mkononi.

Hilo la kioo cha Longines lishike akilini. Litarudi kwa namna ambayo hakuna aliyeitegemea.

Jambo kubwa zaidi kwa mkusanyaji ni kwamba kuanzia hapo saa za wanaanga zilikuwa mali ya serikali ya Marekani. NASA ilizinunua, ikazipa nambari, ikazikabidhi kwa ajili ya safari, ikazidai baada ya safari. Mwanaanga alizivaa, hakuzimiliki. Ndiyo maana nyingi kati ya zile zilizofika mwezini ziko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Anga ya Smithsonian, Washington. Ile ya Neil Armstrong ipo huko. Armstrong hakutoka nayo nje: saa iliyokuwa ndani ya chombo cha kutulia ilikuwa imeharibika, akaiacha ya kwake kabini iwe ya akiba. Buzz Aldrin ndiye aliyetembea na Omega mwezini Julai 1969, na saa hiyo ikapotea ilipokuwa ikipelekwa makumbusho. Haijapatikana mpaka leo. Itakapoibuka siku yoyote mikononi mwa mtu yeyote, itakuwa mali ya serikali iliyopotea, na mtu huyo hata akiwa ameilipia kwa nia njema atakuwa na kesi, hatakuwa na saa.

Bulova nje ya mlango

Bulova lilikuwa jina kubwa Marekani. Lilianzia New York mwaka 1875, na mwaka 1960 lilitoa Accutron, saa iliyopima muda kwa uma mdogo wa chuma unaotetemeka mara 360 kwa sekunde badala ya gurudumu la mizani. Vipima muda vya teknolojia hiyo vilitumika ndani ya mitambo ya anga. Mwenyekiti wa bodi ya kampuni alikuwa Jenerali Omar Bradley, shujaa wa Vita vya Pili vya Dunia. Kampuni hii haikupenda hata kidogo kuona mkono wa mwanaanga wa Kimarekani umefungwa saa ya Uswisi, na hoja ya sheria inayoitaka serikali inunue bidhaa za nyumbani ilitumika mara kadhaa kuishinikiza NASA ifikiri upya. Omega ilibaki.

Katika hali hiyo, kabla ya Apollo 15, mwakilishi wa Bulova alimpa Scott vitu viwili: kronografu ya mkononi ya majaribio, modeli nambari 88510/01, na saa ya kushika mkononi ya kupimia sekunde. Ombi lilikuwa azibebe na kuzitathmini. Scott alikubali. Hakuchukua idhini ya Deke Slayton, aliyesimamia wanaanga na ambaye kila kitu binafsi kilichopanda chombo kilipaswa kupita kwake.

Tusimfanye Scott kuwa mtu asiyejali utaratibu. Alikuwa rubani wa kijeshi aliyesoma Massachusetts Institute of Technology, alikuwa ameokoka na Armstrong katika Gemini 8 iliyozunguka bila kudhibitika mwaka 1966, na alikuwa ameruka Apollo 9. Mtu wa aina hiyo anapobeba kipima muda cha akiba ana sababu zake. Kwenye mwezi, muda ndio unaokuambia kiasi cha oksijeni na maji ya kupoozea vilivyobaki mgongoni. Lakini akiba aliyoibeba ilikuwa na maslahi ya kampuni ndani yake, na hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo. Sioni haja ya kuuficha.

Kioo kinaruka

Apollo 15 iliondoka tarehe 26 Julai 1971. Scott na James Irwin walitua kwa chombo cha Falcon tarehe 30 karibu na bonde la Hadley, chini ya milima ya Apennine, wakati Alfred Worden akizunguka juu. Ilikuwa safari ya kwanza kuwa na gari mwezini, na ya kwanza iliyowapa wanaanga siku tatu za kufanya kazi ya jiolojia kwa kina. Walitoka nje mara tatu, jumla zaidi ya saa 18.

Mara mbili za kwanza mkononi mwa Scott palikuwa na Omega. Matembezi ya pili, tarehe 1 Agosti, yalizidi saa saba. Ndiyo yaliyoleta jiwe jeupe la kale lililokuja kuitwa Jiwe la Mwanzo. Pia yalikuwa na kazi ya kuumiza mikono: keekee ya kutoboa ardhi ilikwama, na Scott alilazimika kuisukuma na kuivuta kwa nguvu zote. Waliporudi ndani ya Falcon aligundua kwamba kioo cha Omega kimetoka na hakipo.

Sababu haijathibitishwa, lakini fundi saa yeyote anaweza kuona njia zake. Kioo cha Speedmaster ya wakati ule hakikuwa cha vioo halisi. Kilikuwa cha plastiki ngumu, kilichopendelewa kwa kuwa hakivunjiki vipande vikali vya kuelea ndani ya chombo. Kinashikiliwa kwa kubanwa kwenye ukingo wa kasha. Ndani ya saa kuna hewa, nje ni ombwe tupu, kwa hiyo kioo kinasukumwa kutoka ndani muda wote. Ongeza jua lisilo na kizuizi linalolainisha plastiki, ongeza vumbi na kugongwagongwa kwa mtu anayepigana na keekee. Longines ilikuwa imeonyesha udhaifu wa aina hii mbele ya majaji ndani ya maabara. Omega iliyovuka mtihani uleule ilikuja kuuonyesha mahali penyewe pa kazi. Silisemi hili kuidhalilisha Omega. Saa moja kupoteza kioo katika safari zote zile ni rekodi nzuri. Ila linatukumbusha kwamba kibali cha 1965 kilikuwa matokeo ya majaribio, hakikuwa ahadi.

Kwa matembezi ya tatu, tarehe 2 Agosti, Scott alifunga Bulova.

Sasa angalia yaliyotokea katika zile saa nne na dakika 49. Wakamaliza kuitoa ardhini nondo ya sampuli iliyokuwa imekwama tangu jana yake. Wakaenda kwa gari mpaka ukingo wa bonde la Hadley. Karibu na mwisho, mbele ya kamera ya televisheni, Scott akainua nyundo ya jiolojia mkono mmoja na unyoya wa kipanga mkono mwingine, akaviachia pamoja, na vikafika chini kwa pamoja, akiwa anamthibitisha Galileo, mwanasayansi aliyesema vitu vizito na vyepesi huanguka kwa kasi moja, mahali pasipo na hewa ya kuuchelewesha unyoya. Katika matembezi hayohayo akagonga muhuri wa posta kwenye bahasha yenye stempu mpya zilizotolewa siku ileile duniani. Yote hayo saa iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa Bulova, saa ambayo kwenye orodha rasmi haikuwepo. Aliendelea nayo Falcon ilipopaa kurudi kwa Worden na katika safari ya kurudi duniani, mpaka walipoangukia Pasifiki tarehe 7 Agosti kwa miavuli miwili iliyofunguka vizuri kati ya mitatu.

Mwaka 1972: mambo yanaharibika

Scott na wenzake walikuwa wamebeba pia bahasha za posta 398 zisizoidhinishwa. Mia moja kati yake zilifika kwa mfanyabiashara wa stempu wa Ujerumani Magharibi, Hermann Sieger, aliyeziuza kwa takriban dola 1,500 kila moja. Makubaliano yalikuwa kila mwanaanga afunguliwe akaunti yenye dola 7,000 hivi. Baadaye waliikataa pesa hiyo. NASA ilipogundua, mwaka 1972, iliwapa karipio rasmi, ikawaondoa kwenye kikosi cha akiba cha Apollo 17, na hakuna hata mmoja wao aliyeruka tena.

Wakati Seneti ikihoji kuhusu bahasha, habari ya saa za Bulova nayo ilijitokeza. Ikilinganishwa na bahasha ilikuwa jambo dogo: hakuna aliyekuwa ameuza kitu. Hata hivyo ilikuwa mzigo juu ya mzigo, na naamini ndiyo sababu Scott kwa miaka mingi aliizungumzia saa yake ya akiba bila kulitaja jina la mtengenezaji. Saa ikakaa kimya kwake.

Wasomaji wengi wa kisa hiki huharakisha hapa kwenda kwenye mnada. Mimi nasimama. Kwa mtu anayepima ushahidi, mwaka 1972 una thamani kubwa kuliko hati yoyote iliyoandikwa wakati wa mauzo. Mwanaanga mwenye miaka zaidi ya 80 anayeandika barua kuthibitisha kwamba saa anayoiuza ilifika mwezini ni shahidi mwenye maslahi, hata awe mkweli kiasi gani. Lakini Bulova ilipotajwa mwaka 1972 haikuwa na faida kwa yeyote, ilikuwa inamuumbua. Neno lililosemwa kwa hasara ya msemaji lina uzito wake, na lilisemwa miongo minne kabla soko la dola milioni halijafikiriwa.

Nani mwenye kitu?

Kwa muda mrefu wanaanga wa zamani waliuza vitu walivyorudi navyo na hakuna aliyewauliza. Halafu mwaka 2011 hali ikabadilika. Serikali ya Marekani ilimshitaki Edgar Mitchell wa Apollo 14 kuhusu kamera aliyokuwa ameipeleka mnadani. Kesi ikaisha kwa kamera kwenda makumbusho. Mwezi Novemba mwaka huohuo daftari la hesabu la Jim Lovell kutoka Apollo 13, alimoandikia hesabu za kuokoa maisha yao, lilipata dola 388,375 mnadani, na NASA ikahoji kama ana haki ya kuliuza. Mauzo yakasimamishwa.

Hebu fikiri uzito wa swali lile. Wanaume hawa waliambiwa kwa mdomo, miaka ya 60 na 70, kwamba vitu vya kutupwa wanaweza kubaki navyo kama kumbukumbu. Hakukuwa na karatasi. Waliotoa ruhusa walikuwa wamestaafu au wamekufa. Kila kitu kilichokuwa kwenye makabati yao kikaingia shaka kwa siku moja, na kila mkusanyaji aliyewahi kununua kwao akaanza kulala macho wazi.

Mkuu wa NASA, Charles Bolden, ambaye naye alikuwa mwanaanga, alikutana nao mwanzoni mwa 2012. Bunge la Marekani likatunga sheria, na Rais Obama akaitia sahihi tarehe 25 Septemba 2012. Inawapa wanaanga wa Mercury, Gemini na Apollo, mpaka safari ya pamoja ya Apollo na Soyuz, haki kamili ya vitu vya matumizi binafsi, vya kutumika mara moja na vya kutupwa ambavyo havikutakiwa kurudishwa NASA baada ya safari. Mawe na vumbi la mwezi havimo. Hivyo vimebaki vya serikali.

Ipitishe Bulova kwenye kipimo hicho. Ilikuwa ya matumizi binafsi? Ndiyo, alipewa na mtu asiye NASA. Ilitakiwa kurudishwa? NASA haiwezi kudai irudishiwe kitu ambacho haikukitoa. Ipitishe Omega: ilinunuliwa na serikali, ina nambari ya mali ya serikali, na ilitakiwa kurudi. Inakwama palepale. Kwa hiyo ile saa iliyofuata kila utaratibu haiwezi kuuzwa na aliyeivaa, na ile iliyopitia pembeni inaweza. Nyumba ya mnada iliitangaza Bulova kuwa saa pekee iliyovaliwa mwezini iliyo mikononi mwa mtu binafsi, na sifa hiyo ndiyo iliyobeba bei.

Wapo wanaosema Scott alilipwa kwa kosa lake. Naielewa hoja, lakini siikubali yote. Adhabu yake aliipata 1972, kwa njia ya hadharani na ya kudumu. Sheria ya 2012 haikuandikwa kwa ajili yake. Iliandikwa ili kumaliza dhuluma ya kuwageuzia kibao wazee waliopewa neno la mdomo. Ninachokubali ni kwamba mkusanyaji anayeinunua saa hii anainunua pamoja na sehemu hiyo ya habari yake, na anayeisimulia bila 1972 anaisimulia nusu.

Ushahidi ulivyosimama

Nikiwekwa mahali pa mnunuzi siku ile, ningetazama minyororo mitatu. Wa kwanza ni umiliki: kutoka kwa mtengenezaji kwenda kwa Scott, kutoka kwa Scott kwenda mnadani. Pete mbili tu, hakuna dalali wa kati, hakuna miaka isiyojulikana. Minyororo mifupi namna hii ni nadra sana katika vitu vya anga, ambako kitu kimoja huweza kuwa kimepita kwa mkandarasi, fundi, mjane wa fundi, duka la vitu vikuukuu na wauzaji watatu wa mtandaoni.

Wa pili ni picha. Matembezi ya tatu yalipigwa picha na kurekodiwa na televisheni, na mkono wa Scott unaonekana. Picha peke yake isingetosha, maana saa nyeusi juu ya vazi jeupe lenye vumbi haisomeki jina. Inachofanya ni kukubaliana au kutokubaliana na maelezo mengine, na hapa inakubaliana.

Wa tatu ni kitu chenyewe: mkanda wa velkro wa aina iliyotolewa kwa wanaanga, nambari ya modeli, alama za kutumika. Hapa kuna somo ambalo wapenzi wengi wa saa hulijifunza kwa gharama. Saa ya kawaida huongezewa thamani na fundi mzuri: akrabu mpya, kasha lililong'arishwa, kioo kipya. Saa ya anga huuawa na fundi huyohuyo. Mkwaruzo uliopatikana Hadley ukishang'arishwa haurudi, na pamoja nao imeondoka sehemu ya ushahidi.

Kulinganisha kunasaidia. Mwaka 2017 Sotheby's iliuza mfuko mdogo wa kitambaa kwa dola 1,812,500. Armstrong aliutumia kuwekea sampuli za kwanza za mwezi, na ndani yake mlikuwa na chembe za vumbi. Mfuko huo ulikuwa mali ya serikali bila ubishi. Uliuzwa kwa makosa kwenye mnada wa vitu vilivyotaifishwa, kwa dola 995, na jaji wa Kansas akaamua kwamba aliyenunua kwa nia njema abaki nao. Bei zinakaribiana, lakini mmoja ulihitaji mahakama ili usimame na nyingine haikuhitaji. Mimi ningelala vizuri zaidi na saa.

Kwa aliye mbali na Boston

Wengi wetu hatutakaa kwenye mnada wa namna ile, lakini enzi hiyo haikupita mbali nasi. Mradi wa Mercury ulikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo Tunguu, Unguja, kilichosikiliza safari za wanaanga wa mwanzo mpaka kilipoondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Pwani ya Kenya, jukwaa la San Marco karibu na Malindi lilirusha setilaiti iliyoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, nayo ikawa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta miale ya eksirei angani. Mahali palipofanyika kazi kama hizo huacha vitambulisho, barua, picha za wafanyakazi, vibao vya mitambo. Kama kuna karatasi ya namna hiyo nyumbani kwenu, iandikie historia yake sasa, wakati wanaoikumbuka wapo: ilikuwa ya nani, alifanya kazi gani, aliipata lini, nani aliitunza baada yake. Weka na bahasha iliyokuja nayo. Usiitie laminesheni, usiisugue, usiipake mafuta. Na kama kitu chenyewe kina alama ya mali ya serikali au ya taasisi, ulizia kwanza kabla ya kufikiria kuuza. Kuwa nacho miaka hamsini si hati.

Kwa upande wa saa zenyewe, Bulova ilitoa toleo la ukumbusho mwaka 2016, mara tu baada ya mnada. Uso wake unafuata ule wa saa ya Scott, lakini ndani ni mtambo wa kwatsi, fuwele inayotetemeka mara 262,000 kwa sekunde, ukiendeshwa kwa betri. Ile ya 1971 ilijazwa kwa mkono. Ni saa nzuri na ya bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kuifikia, na kuivaa ni heshima kwa kisa chake. Tatizo ni wauzaji wanaoipiga picha karibu na maneno "saa ya mwezini" bila kutaja mwaka.  Mwambie muuzaji afungue mgongo. Ukiona betri, lipa bei ya saa ya 2016.